Urefu wa mgongo wa kito uamuliwe na jiwe, si na msumeno

WAFANYABIASHARA wengi wa vito nchini wanapozungumzia hasara hutaja mambo matatu: bei ya mawe ghafi, kodi na wateja wa nje wanaobana bei. Ni wachache wanaotaja milimita mbili. Hata hivyo, katika biashara ya vito vya mgongo, yaani kaboshoni, milimita hizo mbili ndizo mara nyingi zinazoamua kama mzigo utauzwa siku hiyo hiyo au utazunguka kwa madalali mpaka uuzwe kwa bei ya kutupa.

Tangu mwaka 2010, Serikali ilipozuia kuuza nje tanzanaiti ghafi yenye uzito unaozidi gramu moja, na hasa baada ya mabadiliko ya sheria ya madini ya mwaka 2017 na kuanzishwa kwa masoko ya madini mwaka 2019, wimbo umekuwa mmoja: madini yaongezwe thamani hapa hapa. Wimbo huo ni mzuri. Tatizo ni kwamba mjadala umekuwa wa mashine, mikopo na leseni, na haujafika mezani kwa fundi, mahali ambapo thamani huongezwa au hupunguzwa.

Mahali penyewe ni pale jiwe linapowekwa kwenye msumeno wa almasi na kupasuliwa mabamba. Unene wa bamba ukishaamuliwa, urefu wa mgongo wa kito nao umeshaamuliwa, hata kama mteja hajajulikana. Karakana nyingi hupasua kila jiwe kwa unene mmoja, milimita tano au pungufu, kwa sababu hivyo ndivyo msumeno ulivyofungwa tangu jana. Huo ni uamuzi wa biashara unaofanywa na skrubu badala ya mwenye mali.

KITO CHENYEWE

Kaboshoni ni kito kisichokatwa nyuso nyingi kama zile za almasi ya pete ya uchumba. Chini ni bapa, juu kina nundu laini iliyong'arishwa, na pembeni kina ukuta mfupi ambao sonara huushika anapokipachika kwenye pete au kidani. Nundu hiyo ndiyo mafundi wanayoiita mgongo.

Vito vya aina hii hukatwa kutokana na mawe yasiyopitisha mwanga vizuri, mawe yenye michoro, au yale yenye maajabu ya mwanga kama nyota na jicho la paka. Akiki, krisopresi ya Haneti mkoani Dodoma, rubi iliyomo ndani ya zoisaiti ya kijani kutoka Longido, rubi nyingi za Mangare upande wa Taita Taveta nchini Kenya, na malakaiti ya Katanga huko Kongo, zote huishia kwenye umbo hili.

Vipimo vya uso vinajulikana dunia nzima. Mteja wa Jaipur, wa Idar-Oberstein au wa Dubai akiagiza 18 kwa 13, anamaanisha yai lenye urefu wa milimita 18 na upana wa milimita 13, lililokatwa kuingia kwenye pete au kidani kilichokwisha tengenezwa kiwandani. Ni vipimo viwili tu. Cha tatu, yaani urefu kutoka mezani hadi kileleni, mara nyingi hakiandikwi kabisa. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

HESABU YA MILIMITA MBILI

Mafundi wazoefu huanza na kanuni rahisi. Mgongo wenye urefu wa robo ya upana wa kito, au chini ya hapo, ni mfupi. Wenye theluthi ya upana ni wa wastani. Unaofika nusu ya upana ni mrefu. Hii si sheria, bali ni mahali pa kuanzia kabla jiwe lenyewe halijasema neno lake.

Sasa lichukuliwe bamba la milimita tano. Alama za msumeno zinaposafishwa juu na chini, nusu milimita hivi huondoka. Ukuta wa kushikwa na sonara huchukua milimita moja na nusu. Kinachobaki kwa ajili ya mgongo ni milimita tatu.

Kwa kito kidogo chenye upana wa milimita 8, milimita tatu ni zaidi ya theluthi. Kitaonekana kimejaa na kizuri. Kwa kile cha 18 kwa 13, milimita tatu haifiki hata robo. Mgongo ni mfupi. Kwa kidani cha 25 kwa 18, milimita tatu ni sehemu moja ya sita ya upana, na kito kitaonekana kama kigae. Bamba ni lile lile, msumeno ni ule ule, lakini bidhaa ni tatu tofauti. Anayepasua kila kitu kwa milimita tano anafaa kuuza vito vidogo tu, ila yeye mwenyewe hajaambiwa.

Bamba la milimita saba kwa hesabu hiyo hiyo huacha mgongo wa milimita tano. Kwa 18 kwa 13 huo ni mgongo uliopita wastani. Jiwe likiwa la jamii ya kwatzi, kama akiki au krisopresi, kito chenye mgongo wa milimita tatu kitakuwa na takriban karati 8.5, na chenye mgongo wa milimita tano takriban karati 11.8. Uzito umeongezeka kwa kiasi cha asilimia 38 bila uso kupanuka hata kidogo.

Mwenye karakana atasema, na ana haki, kwamba mabamba mazito hula jiwe. Ichukuliwe pande la jiwe lenye kina cha milimita 60, na msumeno unaokula milimita moja na nusu kila upitapo. Kwa unene wa milimita tano yatapatikana mabamba tisa. Kwa milimita saba yatapatikana saba. Kila bamba likitoa vito kumi, tofauti ni vito 90 dhidi ya 70. Vito 20 vimeliwa na milimita mbili.

Lakini biashara haiishii kwenye kuhesabu vito. Ichukuliwe kwa mfano kwamba kito chembamba kinauzwa sh. 10,000 na gharama ya kukisaga na kuking'arisha ni sh. 3,000. Vito 90 vitaacha sh. 630,000. Ili vito 70 viache fedha hizo hizo, kila kimoja kinatakiwa kuuzwa sh. 12,000 tu, yaani nyongeza ya asilimia 20, kwa sababu kuna vito 20 ambavyo havikuhitaji kulipiwa kazi. Kikiuzwa sh. 14,000, mwenye mali anabaki na sh. 770,000, ambayo ni faida ya ziada ya sh. 140,000 kwa pande lile lile la jiwe.

Upande wa pili wa shilingi ni huu. Kama jiwe ni la aina ambayo mgongo mrefu hauongezi uzuri wowote, mteja atalipa sh. 10,000 ile ile. Vito 70 vitaacha sh. 490,000, na karakana itakuwa imetupa sh. 140,000. Kwa maneno mengine, milimita hizo hizo mbili zinaweza kuingiza sh. 140,000 au kuzifukuza. Kinachoamua ni jiwe.

MAWE YANAYOTAKA MGONGO MFUPI

Kundi la kwanza ni mawe ya michoro. Mteja wa akiki yenye mistari au ya jiwe lenye picha ya asili analipia mchoro. Mgongo ukiwa mrefu, mchoro hupindika pembeni na sehemu yake huangalia ubavuni ambako hakuna macho. Mgongo mfupi huuweka mchoro wazi kama picha ukutani. Hapa bamba jembamba ni akili wala si ubahili.

Mfano ulio karibu na soko la Arusha ni jiwe la Longido. Jiwe hilo, ambalo jina lake la kibiashara, anyolaiti, linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya kijani, lina mabaka ya rubi nyekundu katikati ya zoisaiti, pamoja na madoa meusi. Ni jiwe la michoro, na linahitaji mgongo mfupi au wa wastani kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba baka la rubi halijulikani limezama kiasi gani. Mgongo hupatikana kwa kusaga pembeni, na kila milimita inayosagwa inaweza kufuta baka lililokuwa fahari ya bamba au kufichua jingine lisilotarajiwa. Fundi mwenye busara hutazama bamba pande zote mbili kabla ya kuchora yai lake. Baka linaloonekana juu na chini limepenya. Linaloonekana upande mmoja tu halina dhamana.

Sababu ya pili ni ugumu. Rubi ina ugumu wa 9 katika kipimo cha Mohs, zoisaiti ina kati ya 6 na 7. Jiwe likisagwa, kijani huliwa haraka na rubi hubaki imeinuka kama kokoto kwenye barabara ya vumbi. Kadiri mgongo unavyokuwa mrefu, ndivyo eneo la kusaga linavyoongezeka na ndivyo makosa hayo yanavyozidi kuonekana mwanga unapoteleza juu ya kito. Mgongo mfupi, unga wa almasi na diski ngumu hupunguza tatizo. Mnunuzi mzoefu haulizi. Hupitisha ukucha, akahisi vilima, akarudisha kito mezani.

Kundi jingine la mgongo mfupi ni labradoraiti, ambayo nyingi hutoka Madagaska. Mmeta wake wa buluu hutoka kwenye tabaka bapa ndani ya jiwe. Uso bapa au wenye mgongo mfupi, uliokatwa sambamba na tabaka hizo, huwaka wote kwa mara moja. Mgongo mrefu huacha mmeta sehemu moja na weusi kwingine.

Zipo pia pete za akiki za wanaume, zinazopendwa mwambao wa Afrika Mashariki, Omani na nchi za Ghuba. Nyingi huchongwa jina au maandishi, na mchongaji anahitaji uso bapa au ulioinuka kidogo sana. Kumpelekea sonara wa Mji Mkongwe akiki yenye mgongo wa nusu ya upana ni kumpelekea kazi ya kuisaga upya.

MAWE YANAYOTAKA MGONGO MREFU

Kundi la pili lina hesabu nyingine kabisa. Humu wamo krisoberili zenye jicho la paka, ambazo hupatikana Tunduru na eneo la Ziwa Manyara, rubi na safaya zenye nyota, na jiwe la mwezi la jamii ya feldispa.

Jicho la paka hutokea pale jiwe linapokuwa na sindano nyembamba sana au mirija iliyolala upande mmoja. Mwanga ukigonga sindano hizo hurudi, na mgongo uliopinda huukusanya kuwa mstari mmoja. Mgongo ukiwa mfupi, mstari hutawanyika na kuwa ukungu mpana usio na jina. Mgongo ukipandishwa, mstari hubana na kuwa mwembamba na mkali, unaotembea kito kinapogeuzwa. Thamani ya kito iko kwenye mstari huo.

Urefu peke yake hautoshi. Sindano lazima zilale sambamba na sakafu ya kito, na katika yai zipite upande wa ufupi ili jicho lenyewe lipite upande wa urefu. Kwa nyota za rubi na safaya, sakafu ya kito inatakiwa iwe imesimama wima dhidi ya mhimili mkuu wa kristali, la sivyo nyota itakaa pembeni kama kofia iliyovaliwa upande. Kwa jiwe la mwezi, tabaka za mng'ao zilale sambamba na sakafu, na mgongo uinuke vya kutosha ili mng'ao uelee katikati.

Mawe haya hayapaswi kupelekwa kwenye msumeno uliofungwa milimita tano. Kwa kweli mengi hayapaswi kupasuliwa mabamba hata kidogo, bali kila kipande kichunguzwe peke yake chini ya taa moja kali, kikiwa kimelowa maji ili sindano zionekane. Fundi anayelipwa kwa idadi ya vito hatafanya hivyo. Atapasua, atasaga, atahesabu. Jiwe ambalo lingeuzwa kama kito cha jicho la paka litauzwa kama kipande cha kawaida chenye ukungu, na mwenye mali hatajua alichopoteza kwa sababu hakukiona.

RANGI NAYO INA SAUTI YAKE

Kati ya makundi hayo mawili yapo mawe ambayo urefu wake huamuliwa na rangi. Jiwe linalopitisha mwanga huonekana zito zaidi kadiri linavyokuwa nene. Krisopresi iliyopauka hupata uhai mgongo unapoongezwa. Tanzanaiti ya daraja la chini, ile yenye ufa na mawingu ambayo haifai kukatwa nyuso, hukatwa mgongo na kuuzwa. Ikiwa nyembamba hugeuka maji ya mbuni, ikiwa nene hurudisha buluu yake. Iachwe nene.

Kinyume chake ni ganeti nyekundu iliyoiva mno. Ikiachwa nene huonekana nyeusi, na mteja wa kito chekundu hawezi kulipia weusi. Mafundi wa zamani wa Ulaya walijua dawa yake: waliikata na mgongo, kisha wakaichimba kwa chini kama bakuli ili mwanga upite. Kito hupoteza uzito, lakini hupata rangi. Anayeuza kwa karati huumia moyo kuona unga unaondoka. Anayeuza kwa rangi hucheka mwisho.

Njia ya kujua ni rahisi na haina gharama. Bamba la majaribio au ukingo wa pande la jiwe usagwe uwe mwembamba upande mmoja na mnene upande wa pili, uloweshwe, ushikwe mbele ya dirisha. Mahali rangi inapopendeza ndipo unene wa kupasua ulipo. Kazi hiyo huchukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

SONARA ANAONA NINI

Wapo wakataji wanaoamini kazi yao inaishia kwenye mng'aro. Sonara, ambaye ndiye mnunuzi halisi wa kila siku, anaona mambo mengine.

Kwanza anaangalia ukuta. Ukuta wa kito unatakiwa uelekee ndani kidogo unapopanda, nyuzi kumi hadi kumi na tano hivi, ili ukanda wa fedha au dhahabu ukikunjwa ukamate. Mgongo mrefu uliosimama wima kama chupa hauna pa kushikwa, kito kitachomoka. Mgongo mfupi mno wenye ukingo mwembamba kama kisu nao hupasuka sonara anaposukuma ukanda. Katika hali zote mbili gharama ni ya sonara, na safari ijayo ataagiza kwingine.

Pili anaangalia matumizi. Pete hugonga milango, meza na masufuria. Mgongo mrefu kwenye pete ya jiwe laini kama malakaiti, lenye ugumu wa 3.5 hadi 4, utachakaa kileleni kabla ya mwaka kuisha. Jiwe hilo liwekwe kwenye kidani au liwe na mgongo mfupi. Hereni nazo ni suala la uzito: mgongo mnene masikioni huvuta, na mvaaji huzivua mapema.

Tatu anaangalia ulinganifu. Hereni mbili zenye uso sawa lakini migongo tofauti si jozi. Zikitazamwa mbele ni pacha, zikitazamwa ubavuni ni mtu na mjomba wake. Karakana inayopima urefu na upana ikasahau kimo huuza vito vya mojamoja pale ambapo ingeuza jozi.

UZITO WA UDANGANYIFU

Kuna desturi ambayo imelichafulia soko jina, si hapa tu bali kila nchi inayouza nyota na jicho la paka kwa karati. Fundi huacha tumbo kubwa chini ya ukingo, mahali ambapo mteja haoni kito kikiwa kwenye sahani yake. Mgongo ni sawa, nyota ni nzuri, lakini sehemu kubwa ya karati zinazolipiwa imejificha chini na haifanyi kazi yoyote. Sonara hawezi kukipachika mpaka alisage.

Wanaotetea desturi hiyo husema mnunuzi ana macho. Ni kweli, na ndiyo sababu mnunuzi mwenye macho hupunguza bei kwa kila sahani, pamoja na sahani za waaminifu. Hasara ya tumbo la mmoja hulipwa na wote. Urefu unaoongezwa juu unaonekana na kufanya kazi. Unaoongezwa chini ni jiwe la mizani.

HOJA ZA UPANDE WA PILI

Haitakuwa haki kuacha hoja za wenye karakana ndogo. Wengi hawana mtaji wa kukaa na pande zima la jiwe wakilichunguza. Hununua mabamba yaliyokwisha pasuliwa na mtu mwingine. Mashine ni za kukodi. Umeme ukirudi, kila mtu anataka kusaga. Mteja wa jumla anataka bei ya chini, na akiona kito kinene anauliza kwa nini ni ghali.

Hoja hizo ni za kweli, lakini zinathibitisha jambo lile lile. Kama mabamba hununuliwa yakiwa tayari, basi mwenye msumeno ndiye anayeamua faida ya mtaa mzima, na ni yeye wa kwanza kuelezwa. Hakuna mtaji unaohitajika kupasua sehemu ya pande kwa milimita saba na nyingine kwa milimita tano. Bamba nene linaweza kupunguzwa siku mteja wa vito vyembamba atakapokuja. Bamba jembamba haliongezeki. Maji yakimwagika hayazoleki.

Suala la malipo nalo lisikwepwe. Mgongo mrefu huchukua muda mrefu zaidi kusaga. Fundi anayelipwa bei moja kwa kila kito, kirefu kwa kifupi, ataufupisha, na hakuna wa kumlaumu. Aidha kusaga kwa muda mrefu ni vumbi zaidi, na vumbi la mawe ya kwatzi huharibu mapafu bila dawa ya kuyarudisha. Maji yatiririke kwenye diski wakati wote na barakoa zivaliwe. Karakana inayookoa maji na kuua mafundi haina hesabu ya faida inayoweza kuitetea.

NINI KIFANYIKE

Hatua zinazohitajika ni ndogo na hazisubiri bajeti ya Serikali.

Kwanza, kila oda iandikwe kwa vipimo vitatu. Badala ya 18 kwa 13, iandikwe 18 kwa 13 kwa 6.5. Mteja asipotaja kimo, aulizwe. Swali hilo moja linaondoa ugomvi wa mwezi mzima.

Pili, mawe yachambuliwe kabla ya msumeno katika mafungu matatu: ya michoro, ya maajabu ya mwanga, na ya rangi. Fungu la kwanza lipasuliwe jembamba. La pili lisipasuliwe mpaka kila kipande kitazamwe. La tatu lijaribiwe mbele ya dirisha.

Tatu, fundi wa mgongo mrefu alipwe tofauti na wa mgongo mfupi, na wa jicho la paka alipwe kwa saa. Nne, vyuo vinavyofundisha kazi hii, kikiwamo Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichopo Arusha, vione hesabu za kimo kuwa somo la biashara na si la ufundi tu. Mwanafunzi anayemaliza akiwa anaweza kung'arisha lakini hawezi kueleza kwa nini kito hiki kina milimita tano na si tatu, amefundishwa nusu ya kazi.

Tano, na hili ni la mwenye mali, kila pande la jiwe liwe na ukurasa wake: lilipasuliwa unene gani, lilitoa vito vingapi, viliuzwa kwa nani na kwa bei gani. Baada ya mapande matano au sita, daftari litaanza kusema lenyewe ni jiwe gani linalipa likiwa nene na ni lipi linalipa likiwa jembamba. Wahenga wa madukani hawakukosea: mali bila daftari hupotea bila habari.

Soko la vito litaendelea kupanda na kushuka kama lilivyozoea, na bei ya mawe ghafi haimo mikononi mwa fundi wa Arusha wala wa Voi. Unene wa bamba umo mikononi mwake. Kabla msumeno haujawashwa kesho asubuhi, jiwe lioshwe, litazamwe kwanza, kisha ndipo skrubu ifungwe.